Wasia kwa Mwanafunzi Mgeni



Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulipenda kwa ulimi na wachache hulitia mkononi, nalo ni kuacha fungu la mali katika wasia kwa ajili ya kumsomesha mtoto wa mgeni. Lililotupelekea kuandika ni kisa kilichotokea mtaani petu, hapa Mji Mkongwe. Tutakisimulia bila ya kumtaja mtu kwa jina, kwani makusudio yetu ni kupata mazingatio wala si kulaumiana.

Alikuwapo mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, mfanya biashara wa kiasi, si tajiri wala si fukara. Mzee huyu alimchukua kijana wa Kingazija aliyekuja Unguja kutafuta elimu, naye hana mjomba wala shangazi katika mji huu. Akawa anamlipia ada, anamvisha, na chakula cha usiku kijana hula nyumbani kwake pamoja na wanawe. Baada ya sala ya Alasiri sote tulikuwa tukikaa barazani, dele la kahawa mbele yetu, na mara nyingi mzee alikuwa akisema: "Mimi nikifa, kijana huyu msimwache." Nasi twaitikia: "Insha Allah, Bwana, na Mungu akupe umri." Hapana hata mmoja wetu, na mwandishi wa maneno haya akiwamo, aliyemwambia: "Bwana, chukua karatasi uandike."

Mauti yakamjia kwa ghafla, kama yanavyowajia wengi. Akaacha mjane na watoto watano, wawili katika hao hawajabaleghe. Ilipokwisha kulipwa deni lake na kutaka kugawiwa mirathi, likaja neno la yule kijana. Akaitwa mwanachuoni mmoja mwaminifu, naye akatuuliza sisi tuliosikia maneno ya marehemu: "Aliusia kiasi gani? Kwa muda gani? Katika mali ipi?" Hapo ndipo tulipoumbuka. Mmoja wetu alisema kuwa marehemu alikusudia ada peke yake. Wa pili alisema kuwa alikusudia mpaka kijana amalize masomo yake yote. Wa tatu alisema kuwa yeye hakuyafahamu maneno yale kuwa ni wasia, bali aliyafahamu kuwa ni ombi kwa marafiki. Mwanachuoni akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa neno lisilojulikana mwanzo wala mwisho wake hawezi kulikatia mali, khasa ilivyokuwa katika warithi wamo mayatima, na mali ya yatima haitolewi sadaka na mtu yeyote, hata mama yake.

Hukumu ile haikuwa na kasoro. Mtoto mkubwa wa marehemu, Mungu amjaze kheri, alitoa katika fungu lake mwenyewe mpaka mwisho wa mwaka, kisha mizigo ya nyumba yake ikamzidi. Sisi majirani tulichanga miezi miwili, na mwezi wa tatu mchango ukapwa kama maji ya pwani. Kijana akafunga vitabu vyake akarejea kwao bila ya kumaliza. Siku ya kuondoka alipita kutuaga mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinishukuru, nami niliona haya, kwani sikujua ananishukuru kwa lipi.

Basi nani aliyekosa katika jambo hili? Mjane hakukosa, wala watoto, wala mwanachuoni. Kosa ni la marehemu aliyechelewa, na kosa kubwa zaidi ni letu sisi tuliokuwa tukisikia kila siku na kuitikia. Nia ilikuwapo, mali ilikuwapo, na mwenye haja alikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi moja na mashahidi wawili.

Ndugu msomaji, dini yetu haikutuacha gizani katika mas-ala haya. Katika Suratul Baqara, aya ya 180, Mwenyezi Mungu ametaja wasia kwa mwenye kuacha mali, na katika Suratul Maida, aya ya 106, ametaja mashahidi wawili waadilifu wakati wa kuusia. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, kila anapotaja mafungu ya warithi hurejea kukumbusha kuwa mafungu hayo ni baada ya wasia na deni. Naye Ibn Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) katazo la kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Tuliangalie neno hili kwa makini: hakutajwa mgonjwa wala kizee, bali kila Mwislamu mwenye kitu.

Ama kiasi cha wasia, mpaka wake ni thuluthi. Saad bin Abi Waqqas alipougua alitaka kutoa sadaka thuluthi mbili za mali yake, Mtume (S.A.W.) akamkataza, akataka nusu, akamkataza, ilipofika thuluthi akamruhusu, na hata hiyo akaiita nyingi, akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wengi wamependa mtu apungukiwe na thuluthi, na imepokewa kuwa Sayyidna Abubakar aliusia khumsi. Basi asidhani mtu kuwa twamwita awanyang'anye wanawe. Twamwita atumie haki aliyopewa na Mola wake, kwa kiasi alichowekewa.

Huenda msomaji akauliza: "Njia za kheri ni nyingi, kwa nini mwanafunzi mgeni?" Suali hili ni la haki, na jawabu yake imo katika historia ya dini yetu na katika historia ya mji wetu.

Tazama msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Palikuwa na mahali palipoezekwa, panapoitwa Suffa, na waliokuwa wakilala hapo ni maskini, wengi wao wageni waliokuja kujifunza, hawana jamaa wala nyumba, na watu wa Madina wakiwapa chakula. Mmoja wao alikuwa Abu Huraira, mtu wa kabila la Daus kutoka Yaman, ambaye alikuwa akishikwa na njaa hata akianguka. Mgeni huyo mwenye njaa ndiye aliyekuja kuwa Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote. Kila aliyempa tende au maziwa siku zile ana sehemu yake katika kila Hadithi tunayoisoma leo kutoka kwake, naye alipokuwa akitoa hakujua anatoa nini.

Kisha tuje kwetu. Ukutani, hatua chache kutoka madukani, ndipo alipofundisha Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu na kufariki Unguja mwaka 1925. Sahibu yake Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa Kadhi wa Unguja na ambaye fatwa zake zilikuwa zikitafutwa pwani nzima, alizaliwa Itsandra katika kisiwa cha Ngazija mwaka 1861, naye alifariki hapa hapa mwaka huo huo wa 1925. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy ameandika khabari za wanavyuoni hawa wa Kishafi katika kitabu chake, na mwenye kukisoma ataona kuwa aghlabu yao ni watu wa safari: huyu katoka Barawa, huyu Lamu, huyu Ngazija, huyu Hadhramaut. Na Muslim Academy ya hapa Unguja, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkuu wake mashuhuri alikuwa Sayyid Umar Abdallah, ambaye asili yake ni ya huko huko Ngazija. Ukiwatoa wageni katika elimu ya Unguja, utabaki na nini?

Na Lamu nako ni vivyo hivyo. Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, alitoka Ngazija akiwa kijana, akaenda Lamu, akafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwa wakiwajali: wageni, maskini, na waliotoka katika utumwa. Msikiti wa Riyadha ulisimama juu ya ardhi ya wakfu, na madrasa yake imepokea wanafunzi kutoka pwani yote. Mtu alitoa kiwanja, mgeni akatoa elimu, na matunda yake mpaka leo hayajakatika.

Na ukienda mbali zaidi utayakuta mambo ni yale yale. Huko Fas, nchi ya Maghrib, wanahistoria wameeleza kuwa msikiti wa Qarawiyyin ulijengwa mwaka 859 na Bibi Fatima al-Fihri, ambaye watu wake walihamia hapo kutoka Qayrawan. Alijenga kwa mali aliyoirithi, na msikiti huo ukaja kuwa chuo kikubwa cha elimu. Na katika Al-Azhar ya Misri wageni walikuwa na riwaki zao, watu wa Maghrib mbali, watu wa Sham mbali, watu wa Habasha mbali, wakila mkate wa wakfu zilizowekwa na watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Hapa kisiwani petu, Chukwani, kipo chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1998 kwa sadaka za watu wa Kuwait, nacho leo kinaitwa kwa jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuutumia umri wake katika kheri za Afrika. Wangapi katika watoto wa Unguja na Pemba wamesoma kwa mali ya watu ambao hawakupata kuwaona? Tukipokea kwa furaha, yatupasa tujue pia kutoa.

Tena tusisahau kuwa sisi wenyewe tumekuwa wageni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa zetu wengi walitawanyika Oman, Dubai, Uingereza na kwingineko, na watoto wao wakasomeshwa katika nchi za watu. Na Januari 2001 watu wa Pemba walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, nchi ya Kenya, wakapokewa na watu wa huko. Ni nyumba ngapi katika visiwa hivi ambazo hazina mtu wake ugenini leo? Yule anayemfungulia mlango mtoto wetu katika mji wa mbali anatudai, na deni hilo hatuwezi kumlipa yeye. Twaweza kumlipa mtoto wa mtu mwingine aliyeko mlangoni petu.

Wapo wanaosema: "Wetu kwanza, wageni baadaye." Neno hili lina haki ndani yake, wala hatulipuuzi. Jamaa asiyerithi, naye ni mhitaji, ndiye wa kutangulizwa katika wasia, na ndugu zetu Waibadhi huliona hilo kuwa ni wajibu. Basi mwenye mjukuu yatima ambaye hana fungu katika mirathi, au shangazi asiye na kitu, na aanze na huyo. Lakini aliyekwisha watazama jamaa zake na bado anao wasaa, asilifanye neno la "wetu kwanza" kuwa kufuli. Mtoto wa hapa akikosa ada ana ami, ana jirani, ana mwalimu anayemjua baba yake. Mtoto wa mgeni, awe katoka Ngazija au Kongo, au ni mwana wa mtu wa Bara anayefanya kazi mahotelini Nungwi, akikosa ada hana wa kumwendea. Kinachompungukia si akili bali ni watu. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Hashr, aya ya 9, amewasifu watu wa Madina kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza mbele ya nafsi zao, ijapokuwa wao wenyewe ni wahitaji.

Sasa tueleze namna ya kulitenda jambo hili, ili yasimkute mtu mwingine yaliyotukuta sisi.

La kwanza, mtu ajue tafauti ya wasia na wakfu. Wasia hutendeka baada ya kufa, na mwenye kuusia anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa hai. Wakfu huwekwa mtu akiwa hai, na ikisha kutimia mali imetoka mkononi mwake, haiuzwi wala hairithiwi. Tena mtu anaweza kuusia kuwa baada ya kufa kwake sehemu fulani ya mali yake, isiyopindukia thuluthi, iwe wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar alimtaka shauri Mtume (S.A.W.), akaizuilia asili yake na kuyatoa matunda yake, na katika waliotajwa kupata matunda hayo ni msafiri na mgeni. Basi wakfu kwa ajili ya wageni si bid'a ya leo.

La pili, aandike kiasi kwa hisabu iliyo wazi. Tupige mfano. Bibi mmoja anaacha mali ya shilingi 60,000,000. Mazishi na madeni yanachukua 6,000,000, zinabaki 54,000,000. Thuluthi yake ni 18,000,000, na hapo ndipo mpaka. Lakini bibi huyu ana wana wenye haja, basi anaandika sudusi, yaani 9,000,000, na warithi wanagawana 45,000,000. Ni bora kuandika sehemu, kama sudusi au thumuni, kuliko kuandika idadi ya shilingi, kwani thamani ya mali hupanda na kushuka baina ya siku ya kuandika na siku ya kufa. Na wasia ukizidi thuluthi, kilichozidi hakipiti ila kwa ridhaa ya warithi wenyewe, waliobaleghe, baada ya kufa mwenye kuusia.

La tatu, aeleze makusudio kwa maneno yasiyo na mashaka, wala asiyabane mno. Akiandika jina la skuli moja tu, na skuli ikafungwa, wasia utaleta ugomvi. Aandike mathalan: "kwa masomo ya wanafunzi wageni wahitaji wanaosoma Unguja, ada, vitabu, makazi na chakula, na wasipopatikana, kwa wanafunzi mayatima." Mkia huo mdogo wa maneno utaiokoa sadaka yake miaka 100 baadaye.

La nne, amteue msimamizi mwaminifu, na wa pili wa kushika mahali pake. Kama fungu ni la nyumba au duka, aandike kuwa matengenezo yatangulie katika kodi kabla ya kitu kingine. Nyumba zetu za mawe na chokaa hazisimami kwa dua peke yake. Paa likivuja miaka mitatu boriti huoza, na boriti zikioza ukuta hufuata. Nyumba ya wakfu iliyoanguka haimsomeshi mtu.

La tano, asijifiche. Wasia uandikwe na kushuhudiwa na watu wawili waadilifu wasiorithi, nakala moja iwe nyumbani na nyingine kwa mtu wa amana. Hapa Zanzibar mambo ya wakfu yamekuwa na kamisheni tangu mwaka 1905, na leo iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Mahkama ya Kadhi husikiliza mambo ya wasia na mirathi kwa Waislamu. Mwenye shaka na aende akaulize akingali mzima. Na lililo bora ni kuwakusanya wanawe na kuwasomea alichoandika, kwani mtoto aliyesikia kwa sikio lake kutoka kinywani mwa mzazi wake huwa mlinzi wa wasia huo, na aliyeushtukia baada ya mazishi huweza kuwa adui yake.

Nanyi, bibi zetu na mama zetu, msiseme kuwa haya ni mambo ya wanaume. Mali ya mke ni yake, na dhahabu aliyonayo sandukuni ni yake, na kipande cha shamba alichorithi kwa baba yake ni chake. Kidani kimoja kilichouzwa kwa wasia chaweza kumfikisha mtoto wa watu mwisho wa masomo yake.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea. Mwenye kuusia fungu kwa mwanafunzi mgeni ameshika mawili ya kwanza kwa mkono mmoja. Na huenda akapata na la tatu, kwani yatima wa ugenini aliyemsomesha humwombea kama baba.

Barazani petu dele la kahawa lingalipo, na mahali pa marehemu pamebaki wazi. Tangu siku ile, watu wanne katika sisi wamekwisha kuandika wasia wao, na mimi ni mmoja wao. Yule kijana hatukumpata tena kumrejesha, na hilo litabaki kuwa deni letu. Lakini watakuja wengine, kwani bandari yetu haijapata kukosa wageni, nasi twaomba watakapofika wakute karatasi iliyoandikwa, wala wasikute maneno matupu ya barazani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amghufirie mzee wetu, aipokee nia yake, amfungulie yule kijana milango ya elimu popote alipo, na atupe sisi wepesi wa kuitenda kheri kabla ya kuja yule asiyengojewa. Amin.